Nani atafundisha mwenzake? Kununua ngombe kijana ao ngombe yenye kujua kazi



Kila mwaka, kiisha kutetea memuwari, kuna wamoja kati yetu wanaosema: "Miye sitangoja ofisi, narudia ku udongo." Ni mawazo mazuri. Lakini jembe la mkono linachokesha, na trakta ni bei kali. Hata kuikodi tu inaomba ungoje zamu yako wakati mvua haikungoji. Njo pale mtu anafikiri ngombe za kulimisha. Na swali la kwanza linakuja mbio: ninunue ngombe kijana ya bei ndogo, ao ninunue ile ambayo imekwisha kulima miaka mingi?

Miye nilijibu vibaya lile swali, na feza haikuwa yangu. Acha niwaelezee, mupate kujifunza bila kulipa.

Lisansi na Doktora

Tulikuwa watatu, wote tumetoka fakilte ya agronomi. Mu mwaka wa 2019 tulipata shamba la hekta 4 njia ya Kasenga, kama kilomita 60 kutoka Lubumbashi. Feza ya kuanza ilitoka kwa mama yangu: zamu yake ya likelemba, ile aliyokuwa akingoja juu ya kubadilisha mabati ya nyumba. Alinipatia bila maneno mingi. Alisema paka: "Mwanangu, uniletee bunga."

Mwezi wa Oktoba tukaenda kutafuta ngombe. Tukaona ngombe mbili za kiume, zimehasiwa, za miaka kama miwili na nusu, ngozi inang'aa, macho yako wazi. Bei ilikuwa nzuri. Pembeni palikuwa ngombe ingine yenye kujua kazi, lakini ilikuwa na umri, imekonda kidogo, nywele za shingo zimeisha pahali nira inakaa, na mwenyewe aliomba karibu mara moja na nusu ya bei ya kijana. Tukacheka. Nani atalipa zaidi juu ya kitu kinachozeeka? Tukanunua zile vijana mbili. Tukaziita majina: moja Lisansi, ingine Doktora.

Mvua ya nguvu ilianguka katikati ya Novemba. Tukafunga nira, tukafunga sharu, ile jembe ya chuma ya kukokotwa. Lisansi akaenda kuume, Doktora akaenda kushoto, kiisha Doktora akalala chini mu mfereji na akakataa kusimama. Siku ya pili ilikuwa vile vile. Siku ya tatu nira ikavunjika. Wiki mbili zikapita tuko tunapigana na wanyama wawili ambao hawakutukosea kitu.

Kwetu Haut-Katanga mvua ni moja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba mpaka Aprili. Mahindi inaomba kuingia mu udongo kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba. Ukichelewa, kila wiki unapunguza mavuno. Kwa mwisho tulilima hekta moja tu, na jembe la mkono, na watu wa kulipa kwa siku. Hekta 3 zikabaki majani. Hata nikihesabu tani moja na nusu tu kwa hekta, ni tani 4 na nusu: mifuko 90 ya kilo 50 ambayo haikufika. Mama hakusema neno. Mabati ya nyumba ikaendelea kuvuja.

Swali la mzee

Pale kijijini kuna mzee mmoja ambaye alifanya kazi miaka mingi kule Zambia, upande wa Monze. Kule kusini ya Zambia, kati ya Watonga, kulimisha ngombe ni desturi ya zamani. Mtoto anakomaa nayo. Huku kwetu ni kitu cha haba, sababu moja ni mbung'o, yule inzi wa ugonjwa wa usingizi, ambaye anaua ngombe. Mzee alikuja kutuangalia siku moja, akakaa juu ya kisiki, akaniuliza:

"Mwanangu, weye unajua kulimisha ngombe?"

"Hapana, baba. Tulisoma tu ku masomo."

"Na ngombe yenyewe, inajua?"

"Hapana, baba."

"Sasa, nani atafundisha mwenzake?"

Sikupata jibu. Na mupime haya yangu: mu zootekini nilipata pointi nzuri sana.

Lile swali njo somo lote. Kazi ya kulima na ngombe iko na wanafunzi wawili: mtu na mnyama. Mmoja akijua, anavuta mwenzake. Wote wawili wakiwa wapya, hakuna mwalimu, na mvua haiwezi kusimama ingoje mumalize kusoma.

Unanunua nini kweli?

Ukilipa bei ya ngombe ya kazi, unanunua vitu vitatu kwa pamoja: nguvu, miaka inayobaki, na elimu. Muuzaji atakuonyesha ile anayo. Ya kijana anaonyesha miaka. Ya mzee anaonyesha elimu. Ni kazi yako kuuliza juu ya ile haonyeshi.

Tuanze na nguvu. Ngombe inaweza kukokota masaa mingi mzigo wa sehemu moja juu ya kumi ya uzito wake, ao kidogo kupita pale. Sharu mu udongo wa wastani inaomba nguvu ya kama kilo 80 mpaka 100. Fanya hesabu: ngombe mbili za kilo 400 zinatoa kilo 80, mambo inaenda. Lisansi na Doktora, tulipowapima kifua na utepe, walikuwa kama kilo 230 kila mmoja. Wote wawili pamoja: kilo 46. Kumbe Doktora hakuwa na kichwa kigumu. Alikuwa anatuambia ukweli wa hesabu ambayo sisi tulipita nayo mtihani.

Miaka sasa. Usisikilize mdomo wa muuzaji, angalia mdomo wa ngombe. Juu, mbele, ngombe haina meno. Chini iko na 8. Meno ya utoto ni madogo, ya ukubwa ni mapana. Mbili za katikati zikiwa pana, ngombe iko na kama miaka 2. Zikiwa 4, inakaribia miaka 3. Zikiwa 6, miaka 3 na nusu. Zote 8 zikijaa, miaka 4 na nusu ao 5. Hizi ngombe zetu za nundu zinaweza kuchelewa kidogo. Kiisha pale unaangalia namna meno yamekwisha: yakiwa mafupi na yenye nafasi katikati, ngombe imepita miaka 9 ao 10, na hivi karibuni itashindwa kula majani magumu ya kiangazi.

Ngombe inaanza kazi nyepesi ku miaka 3, inapata nguvu yake yote ku miaka 4 ao 5, na inaweza kulima mpaka 9 ao 10. Basi ukinunua ya miaka 3, uko na misimu kama 6 mbele yako. Ukinunua ya miaka 8, uko na 2 tu. Tena kijana anaongeza kilo. Siku ya kumuuza ku nyama, atakurudishia bei yake na zaidi. Mzee anapunguza kila mwaka. Kwa karatasi, kijana anashinda. Njo maana sisi wenye kupenda karatasi tulianguka.

Elimu inabaki, na elimu haiandikwe ku meno.

Kufundisha kunaomba nini

Kufundisha ngombe si uchawi. Inaomba wiki 4 mpaka 6, saa moja ao mbili kila asubuhi, na mtu mmoja wa sauti moja. Wiki ya kwanza ni kamba, kufungwa, kuguswa, kutembea na mtu. Ya pili ni kuvaa nira bila mzigo. Ya tatu inakokota gogo jepesi. Ya ine na ya tano, gogo zito, kusimama, kugeuka. Ya sita, sharu mu shamba la zamani lenye udongo laini. Ukiruka hatua, utarudi nyuma mara mbili.

Kila ngombe inajifunza upande wake: ya kuume inabaki ya kuume, ya kushoto inabaki ya kushoto. Ukiigeuza, ni kama dereva wa Kongo umemuweka mu barabara ya Zambia.

Lakini wakati njo kitu. Mwenye kununua kijana anunue mu Aprili ao Mei, wakati ngombe zimenona na majani ya mvua, afundishe mpaka Julai, mbele kiangazi haijazikondesha. Sisi tulinunua mu Oktoba, ngombe zimetoka kiangazi, na mvua iko mlangoni. Hata mwalimu wa kweli asingefika.

Na hata kiisha zile wiki 6, ngombe inajua tu kusoma herufi. Kunyoosha mstari, kungoja mu kona bila kupigwa, kuinua mwendo kidogo pahali udongo unashika: ile inakuja kiisha msimu mzima.

Ngombe yenye kujua kazi nayo iko na madeni yake

Wala musifikiri kama nasema kila mzee ni dhahabu. Ngombe inayojua kulima inajua pia namna ya kuepuka kulima. Kuna zenye zimejifunza kama zikilala chini mtu anachoka mbele yao. Kuna zenye zilipigwa sana, zinatupa pembe. Kuna zenye mguu unauma paka saa ya pili ya kazi, haionekane asubuhi. Mtu hauzi mfanyakazi wake mzuri bila sababu, na ni haki yako kuuliza ile sababu: mtoto anaenda shule, ugonjwa mu nyumba, ao ngombe yenyewe imekwisha?

Kuna pia jambo ambalo kwangu lilikuwa jipya. Ngombe inajua kazi mu lugha ya bwana wake. Maneno ya kusema enda, simama, geuka, inayajua vile aliyeifundisha aliyasema. Ukinunua ngombe, nunua na maneno yake. Andika mu kaye, rudilia mbele ya muuzaji mpaka ngombe ikukubali.

Namna ya kupima mbele ya kutoa feza

Usinunue ngombe ya kazi ikiwa imesimama. Omba ilime mbele yako.

1. Fika asubuhi mapema, mbele haijafungwa. Angalia vile inakuja ku nira. Ikikimbia kamba, uliza.

2. Gusa shingo na nundu. Ngozi ngumu bila nywele ni alama ya kazi, si ubaya. Kidonda kibichi ao uvimbe wa moto, ni ubaya.

3. Ilime saa moja kamili. Angalia mu kona: inageuka kwa sauti, ao kwa fimbo? Angalia pumzi kiisha kazi: inapaswa kurudi pole pole, si kubaki mdomo wazi na ulimi inje.

4. Ifungue, kiisha uifunge wewe mwenyewe, na muuzaji akae mbali. Hapa njo mtihani wa kweli, juu kesho muuzaji hatakuwa ku shamba lako.

5. Funua kope la jicho na midomo. Rangi ya waridi ni vizuri. Ikiwa nyeupe-nyeupe, ngombe inakonda hata majani iko, na mavimbe yako mbele ya bega, fikiri ugonjwa wa mbung'o. Ita veterineri achukue damu. Usinunue sindano sokoni na kudunga kwa kukisia.

6. Angalia kwato na namna inakanyaga juu ya udongo mgumu, siyo paka mu majani.

Kwa kijana, masomo ya 1, 5 na 6 ni yale yale. Pahali pa kulima, uangalie tabia: mwite, mshike kamba, tembea naye. Kijana anayekuja na kunusa mkono ni mwanafunzi mzuri. Yule anayeruka uzio kila mara, umuache kwa mwenye uzio mrefu. Na pima kifua. Chini ya kilo 300, ujue unanunua mwaka wa kungoja.

Kapita

Mu Mei 2020 tulimuuza Doktora. Na ile feza, pamoja na kidogo tuliyokopa, tukanunua kwa yule mzee ngombe yake moja. Ilikuwa na miaka 8, kilo kama 380, na jina lake Kapita. Jina lilimfaa.

Siku ya kwanza tulisema maneno yetu ya Kiswahili. Kapita akasimama kama mti. Mzee akacheka, akasema maneno mawili ya Kitonga kwa sauti ya chini, na Kapita akaanza kutembea. Njo tukafungua kaye, watu watatu wenye diploma, tukaandika msamiati. Mwezi mzima tulikuwa wanafunzi wa ngombe.

Kiisha tukamfunga Lisansi pembeni yake. Mwaka ulikuwa unakaribia kupita, alikuwa amefika kilo kama 290. Hii ni njia ya katikati ambayo napenda muikumbuke: moja yenye kujua, moja yenye kujifunza. Kijana anaposhituka, mzee hashituke. Anapotaka kukimbia, nira inamshika. Anapokosa neno, anafuata bega la mwenzake. Yale ambayo tungefundisha kwa wiki 6, Lisansi alianza kuyashika mu wiki ya tatu.

Tofauti ya nguvu pia iko na dawa yake. Kwa kawaida mnyororo wa sharu unafungwa katikati kabisa ya nira. Ukiusogeza kidogo upande wa mwenye nguvu, yeye anabeba zaidi, na dhaifu anapata mkono mrefu wa nira, anabeba kidogo. Ni ile fizikia ya mizani tuliyosoma ku sekondari. Tulitoboa matundu matatu mu nira, na kila mwezi tulirudisha mnyororo kidogo katikati, kwa kadiri Lisansi alivyokomaa.

Mu Novemba, ngombe mbili zinazosikilizana zinaweza kulima kama robo ya hekta kwa siku, masaa 4 ao 5 ya asubuhi, kiisha zinapumzika. Ni siku 3 mpaka 5 kwa hekta, pahali mtu mmoja na jembe anahitaji siku 40 na zaidi. Mwaka ule zetu zilikuwa za pole, hazikufika robo. Hatukumaliza hekta 4. Tulimaliza 3, na zote zilipandwa mbele ya Desemba 20. Mama alipata bunga yake. Mabati ilibadilishwa mwaka uliofuata.

Basi, wewe ununue gani?

Kama haujawahi kushika sharu nyuma ya ngombe, nunua yenye kujua kazi, hata kama ni moja tu, hata kama bei inauma. Ile tofauti ya bei ni minerivali unayolipa, na ni ya chini kuliko msimu unaopotea.

Kama unajua kazi, ao uko na mtu wa kweli pembeni, kila asubuhi, siyo ku simu, basi kijana ni wako. Uko na misimu 6, unamtengeneza bila tabia mbaya za wengine. Lakini nunua mu Aprili ao Mei, na hesabu mwaka wa kwanza kama mwaka wa masomo.

Kama uko na feza ya ngombe mbili, changanya. Na kama uko pahali mbung'o ni mingi, uliza kwanza veterineri wa teritware juu ya aina inayovumilia. N'Dama, kwa mfano, iliyotoka Afrika ya Magharibi, inavumilia ule ugonjwa kuliko ngombe za nundu. Lakini ni ndogo na haina nundu, basi nira yake na mzigo wake ni tofauti.

Najua wamoja wenu wanafikiri kitu kingine wakisoma hii. Sisi wote tumesoma matangazo ya kazi inayoomba "ekisperiansi ya miaka 3", na tukakasirika: nani atatupatia hiyo ekisperiansi kama hakuna anayetufunga nira? Hasira yetu ni ya haki. Lakini kwa upande wa shamba nimeelewa kidogo hofu ya yule upande mwingine: anaogopa kupoteza msimu. Dawa haikuwa kumfukuza Lisansi, wala kumuachia shamba yeye peke yake. Ilikuwa kumfunga pembeni ya Kapita. Mwenye kuwa na kampuni ao shirika, na anasoma hii, afikiri. Na sisi vijana, tukipata Kapita, tusimucheke juu ya shingo yake isiyo na nywele.

Kapita alilima misimu miwili, kiisha mguu wa nyuma ukakataa, tukamuuza. Leo Lisansi iko na miaka kama 8, na pembeni yake kuna kijana ingine ambayo tulileta mu Mei. Maneno ya kazi ni yale yale ya Kitonga. Tulijaribu kuyageuza mu Kiswahili, lakini Lisansi alikataa.